Wakimbizi wa Cabo Delgado na Mlango wa Kanisa

Kati ya katikati ya Oktoba na wiki ya kwanza ya Novemba, mwaka 2020, pwani ya Paquitequete katika mji wa Pemba, nchini Msumbiji, ilipokea watu zaidi ya 10,000 waliokuja kwa majahazi na mashua za wavuvi. Walitoka Macomia, Quissanga na visiwa vya Ibo, Matemo na Quirimba, wakikimbia mapanga na bunduki. Wengine walikaa baharini siku kadhaa katika vyombo vilivyopakia kupita kiasi, pasipo maji ya kutosha wala kivuli. Wako akina mama waliojifungua safarini. Mwishoni mwa Oktoba chombo kimoja kilizama karibu na Ibo, na makumi ya abiria wakafa maji. Waliofika salama walijilaza mchangani, kila jamaa na furushi lake, wakingoja kuche.

Msomaji asichanganye Pemba hii na kisiwa chetu cha Pemba. Huu ni mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, ambao zama za Wareno uliitwa Porto Amélia, na kwa sensa ya mwaka 2017 ulikuwa na wakazi wapatao 200,000. Kutoka Mtwara si mbali. Watu wa pwani yake, Wamwani, husema Kimwani, lugha ya udugu wa karibu sana na Kiswahili, na tangu enzi majahazi yamekwenda na kurudi kati ya Mikindani, Kionga, Palma na Mocímboa da Praia, mji ambao wazee wetu wa kusini wanauita Msimbwa. Ndiyo maana yaliyowafika watu wale hayawezi kuwa habari za nchi ya mbali kwetu sisi.

Wa kwanza kuwafungulia mlango wageni wa Paquitequete walikuwa wakazi wenyewe wa mtaa ule: wavuvi, Waislamu, na wengi wao mafukara. Jambo hili twalitaja mapema kwa makusudi, maana makala haya yanahusu kazi ya huruma ya Wakristo, na ingekuwa dhuluma kuielezea kana kwamba wengine walikaa kitako wakitazama. Nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na watu saba ikawa na watu ishirini. Sehemu kubwa ya waliohama makwao katika mkoa ule hawakuishi katika kambi hata siku moja. Waliishi kwa jamaa, kwa marafiki, na kwa watu wasiowajua hata jina.

ASKOFU NA SIMU KUTOKA ROMA

Vita yenyewe ilianza usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba, 1917? La, si zama za Wajerumani na Kionga. Ilikuwa mwaka 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa na kundi la vijana wenye silaha ambao wananchi wakaja kuwaita mashababi, ijapokuwa si wale wa Somalia. Vijiji vikaanza kuchomwa. Aprili 2019 ikaja tufani Kenneth, ikabomoa yaliyosazwa na moto huko Macomia na Ibo. Aprili 2020, katika kijiji cha Xitaxi wilayani Muidumbe, vijana zaidi ya hamsini waliuawa kwa siku moja. Agosti mwaka huo huo Msimbwa yenyewe ikaanguka mikononi mwa waasi, na ikakaa mikononi mwao karibu mwaka mzima.

Wakati huo Askofu wa Jimbo Katoliki la Pemba alikuwa Luiz Fernando Lisboa, Mbrazili wa shirika la Wapasionisti, aliyekuwa ameliongoza jimbo tangu mwaka 2013. Alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti mapema, tena kwa uwazi, kwamba watu wanakufa na dunia haina habari. Si kila mtu alipenda maneno yake. Tarehe 19 Agosti, 2020, simu yake ililia, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa Papa Francis, akitaka kujua hali ya watu na kumtia moyo. Askofu alimweleza habari za Msimbwa, na za masista wawili wa Shirika la Mtakatifu Yosefu wa Chambéry ambao walikuwa hawajulikani waliko tangu mji ulipotekwa. Masista hao waliachiwa huru mwezi Septemba, baada ya siku 24. Februari 2021 Askofu Lisboa alihamishiwa Brazili. Jimbo likashikwa na Askofu António Juliasse Sandramo, Mmsumbiji, ambaye mwaka 2022 alithibitishwa kuwa askofu wake.

Lakini maaskofu hawapiki uji. Kazi ya kila siku ilifanywa na Caritas ya Jimbo la Pemba, na mapadri na masista waliokuwa wakimbizi wao wenyewe, kwani parokia za kaskazini zilikwisha kufungwa na wachungaji wakafuata kundi kule lilikokimbilia. Makatekista, watu wa kawaida wenye wake na watoto na jembe, ndio waliojua nani amefika, nani amepotelewa na mtoto njiani, na nani amekaa siku ya tatu pasipo kutia kitu kinywani. Vijana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, ile iliyosaidia kupatanisha Msumbiji kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba, 1992, nao walibeba magunia ya unga na maharage. Huko Metuge, shule iitwayo 25 de Junho iligeuka makazi ya maelfu.

Kanuni ya Caritas katika jambo hili ni moja: chakula hutolewa kwa kadiri ya haja, wala si kwa dini. Wapokeaji wengi wa pwani walikuwa Waislamu na wakabaki Waislamu. Mwandishi wa makala haya aona kwamba hapo ndipo huruma inapopimwa. Msaada unaotolewa ili mtu abadili dini yake ni biashara, na mwenye njaa si mteja.

Katika Injili kuna mfano maarufu wa msafiri aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa kando ya njia, na wacha Mungu wawili wakampita. Watu husahau kwamba yule aliyesimama akamfunga majeraha alikuwa Msamaria, mtu wa kabila na dini iliyodharauliwa na wasikilizaji wa mfano ule. Kwa maana hiyo mfano haukuwaambia tu wamhurumie aliyetupwa. Uliwaambia kwamba aliyetupwa ndiye aweza kuwa mwenye kuwaokoa. Mmakonde Mkristo wa Muidumbe aliyelala katika baraza ya mvuvi Mwislamu wa Paquitequete hana haja ya kuelezwa mfano huo na padri.

KIJANA ASIYE NA KITAMBULISHO

Sasa tuingie katika jambo linalowagusa hasa askari na polisi wanaosoma gazeti hili.

Mtu akikimbia moto usiku hachukui sanduku la karatasi. Maelfu walifika Pemba, Metuge, Chiúre na Montepuez bila cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho. Ofisi za serikali zilizokuwa zikitunza madaftari ya uandikishaji huko kwao nazo zilikuwa zimeteketezwa au kuachwa tupu. Fikiri basi kijana wa miaka ishirini, mzaliwa wa Msimbwa, msemaji wa Kimwani, Mwislamu, hana karatasi hata moja, amefika kwenye kizuizi cha barabarani. Kila kitu chake kinafanana na cha yule anayetafutwa. Na huenda yule anayetafutwa ndiye aliyemuua babaye.

Askari aliyeko kizuizini ana wajibu wa kushuku. Wenzake wameuawa na watu waliovaa kiraia, na si vyema sisi tulioketi nyumbani kumfundisha kazi yake kama kwamba hatari haipo. Hata hivyo, vijana wengi wasio na hatia waliteswa na shaka hiyo, na mashirika ya haki za binadamu yameandika mambo ya kusikitisha yaliyotendwa na pande zote. Mtu aliyekimbia waasi kisha akapigwa na waliopaswa kumlinda hana tena pa kukimbilia. Maaskofu wa Msumbiji, katika tamko lao la Aprili 2021, walisema wazi kwamba kukata tamaa kwa vijana ni mlango mmoja ambao waasi huutumia kuwaandikisha.

Hapa Kanisa lilifanya kazi isiyoonekana kuwa ya dini hata kidogo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, kwa kushirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, na ofisi za uandikishaji za serikali, kilipeleka watu wake katika makazi ya wakimbizi kuwasaidia kupata vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vipya. Meza, kiti, daftari, kamera, foleni ndefu juani. Mama aliyepata kitambulisho aliweza kumwandikisha mtoto shule, kwenda hospitali, kupokea posho, na kupita kizuizini kichwa wazi. Kwa maoni yetu, katika misaada yote iliyotolewa mkoani mle, ni michache iliyozidi kile kipande kidogo cha plastiki kwa thamani.

WALIORUDI KUTOKA MSITUNI

Wapo waliotupwa mara mbili. Mwishoni mwa mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 600 walikuwa wametekwa na waasi tangu mwaka 2018. Walifanywa watumishi, wakaozwa kwa nguvu, wengine wakauzwa. Baada ya majeshi ya Msumbiji na Rwanda kuukomboa mji wa Msimbwa tarehe 8 Agosti, 2021, na misitu kuanza kusafishwa, baadhi yao walipatikana au walitoroka. Walirudi wakiwa wamekonda, wengine wajawazito, wengine na mtoto mgongoni.

Hapo likaanza jaribu la pili. Jirani ananong'ona kwamba yule ni mke wa shababi. Mume aliyemtafuta kwa machozi sasa hajui atazame wapi. Shangazi anauliza mtoto ni wa nani, naye anauliza mbele ya mtoto. Yasemekana panga huumiza mwili mara moja. Neno la namna hii humchinja mtu kila asubuhi aendapo kisimani.

Jimbo la Pemba, likisaidiwa na Shirika la Kipapa la Kanisa Hitaji na wafadhili wengine, lilitoa mafunzo kwa masista, makatekista na wanawake wa kawaida ili waweze kuwakalia karibu watu walioumizwa nafsi. Kazi yenyewe kwa kuitazama ni kitu kidogo. Watu hukaa kivulini pamoja, husuka, huchambua mboga, na hakuna anayelazimishwa kusema. Wengine hunyamaza majuma mengi kabla ya kutoa neno. Watoto hupewa karatasi na kalamu za rangi, nao huchora. Na walimu wengi waliofanya kazi hiyo katika vita vya nchi mbalimbali wanajua kwamba picha za kwanza huwa za moto na bunduki, na kwamba siku mtoto achorapo mbuzi au mpira, mama yake aweza kupumua.

Akina mama wanaosoma ukurasa huu watauliza: na sisi, tukipata mgeni wa namna hiyo nyumbani, tufanyeje? Wanaofanya kazi hii husema mambo machache, tena ya kawaida. Mpe mahali pa kulala penye mlango unaofungika, maana aliyetekwa usiku huogopa usiku. Usimhoji. Akianza kueleza, msikilize mpaka aishie mwenyewe, wala usikimbilie kumwambia kwamba yamekwisha, kwani kwake hayajaisha. Mpeleke zahanati mapema, kwa siri, na mwanamke mwenzake amsindikize. Mpe kazi nyepesi ya nyumbani asijione mzigo. Na mtoto aliyezaliwa msituni apewe jina, apelekwe kliniki na aandikishwe kama watoto wengine. Hakuchagua babaye, na kijiji kitakachomwita mwana wa adui kitakuwa kimeanza kumlea adui kweli.

Ushauri huu wafaa pia kwa nyumba ya askari. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka majeshi Cabo Delgado chini ya SAMIM, kikosi cha SADC kilichokuwako kuanzia Julai 2021 hadi Julai 2024, na askari wetu walikaa hasa wilaya ya Nangade, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mwezi Oktoba 2020 vita ilikuwa imekwisha kuvuka mto, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kiliposhambuliwa. Mume aliyerudi kutoka huko akawa mkimya, akashtuka kwa mlio wa sufuria, akalala mchana na kukesha usiku, hajarogwa wala hajaacha kumpenda mkewe. Naye astahili kusikilizwa kwa subira ile ile, na akienda kwa daktari wa jeshi au kwa kasisi au imamu wake, hajapungua uanaume wake.

SIKU YA TATU MPE JEMBE

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Cabo Delgado jembe hilo lilitolewa kwa maana yake halisi: Caritas na mashirika mengine yaligawa mbegu za mahindi na kunde, majembe na mapanga ya kufyekea. Lakini jembe lahitaji shamba, na shamba lina mwenyewe. Mwenyeji aliyempokea mgeni mwaka 2020 kwa moyo mweupe, mwaka 2022 alimkuta bado yupo, ghala ni tupu, na malori ya msaada yanapita mlangoni pake kumpelekea mgeni huku yeye, maskini vile vile, hapewi kitu. Chuki ilianza hivyo, hata kati ya watu wema. Na Shirika la Chakula Duniani, WFP, kwa kukosa fedha, lililazimika kupunguza posho. Yafaa kusema kweli: huruma ya siku tatu ni rahisi kuliko ya miaka mitatu, na mashirika yaliyofanya vizuri zaidi ni yale yaliyomhesabu mwenyeji pamoja na mgeni katika mgao mmoja.

Sisi Watanzania tunalijua jambo hili kwa kulitenda. Baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza Septemba 1964, maelfu walivuka Ruvuma wakapokelewa kusini mwa nchi yetu, na huko Rutamba, Lindi, walipewa ardhi ya kulima. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa na Walutheri mwaka 1964, lilifanya kazi hiyo bega kwa bega na Serikali na UNHCR. Nyuma zaidi, mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa Misheni ya UMCA aliongoza kutoka Unguja kundi la watumwa walioachiwa huru, watu ambao hawakuwa na ukoo wala kijiji cha kurudia, nao wakaanzisha makao Masasi. Wengi walikuwa wametoka bara hizo hizo za Ruvuma na Nyasa.

Gharama ya kazi ya Cabo Delgado imelipwa kwa damu pia. Misheni ya Nangololo, iliyoanzishwa mwaka 1924 katika nchi ya Wamakonde, ilivamiwa mwishoni mwa mwaka 2020 na kanisa lake likaharibiwa. Usiku wa tarehe 6 Septemba, 2022, waasi waliovuka hadi mkoa wa Nampula waliichoma misheni ya Chipene: kanisa, hospitali, shule na mabweni. Wakamuua kwa risasi Sista Maria De Coppi, Mwitaliano wa shirika la Wakomboni, bibi wa zaidi ya miaka 80, aliyefika Msumbiji mwaka 1963 na kupitia humo vita ya ukombozi na vita ya wenyewe kwa wenyewe bila kuondoka. Alizikwa huko huko Msumbiji.

Wakati wa kilele chake, mwaka 2022, idadi ya waliohama makwao ilifikia kama milioni 1. Kufikia mwaka 2024 zaidi ya 600,000 walikuwa wamerudi, wengi wao Msimbwa, Palma na Muidumbe, wakaanza upya kwa makuti na udongo. Si wote waliopata amani. Mei 2024 mji wa Macomia ulishambuliwa tena. Mwezi Julai 2025 zamu ikawa ya wilaya ya Chiúre, ambayo kwa miaka mitano ilikuwa ikiwapokea wageni kutoka kaskazini: watu wake wenyewe zaidi ya 50,000 waliacha vijiji vyao kwa muda wa wiki chache, wakajaa katika viwanja vya shule mjini Chiúre, wakiwa na mafurushi vichwani na watoto mikononi, wakingoja waandikwe majina.